Kabla ya dripu ya kwanza: jeni za saratani ya utumbo mpana

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni sana. Mimi ni Zuhura, muuguzi wa wodi ya saratani, na niko na daktari Baraka, mwanapatholojia. Ndiye anayekaa na hadubini, anakijua kinyama chako vizuri lakini wewe mwenyewe hajawahi kukuona. Leo tunaongelea saratani ya utumbo mpana. Naanza na ujumbe wa msikilizaji. Mama yake amelazwa, saratani imeshafika kwenye ini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani ana ugonjwa huo huo, nao umefika kwenye ini. Yule amewekewa dawa inayoitwa cetuximab, mama yake ameambiwa haimfai. Anauliza: ni suala la pesa, au kuna kitu tunafichwa?

BARAKA: Pesa ina nafasi yake, dawa hiyo ni ghali. Lakini inawezekana kabisa mama ameambiwa ukweli. Cetuximab inaziba kipokezi kinachoitwa EGFR, kilichoko juu ya seli. Kipokezi hicho kikiguswa hutuma amri ndani: gawanyika. Amri inapita kwenye protini inayoitwa KRAS. Sasa, takriban wagonjwa wanne katika kila kumi wenye saratani hii wana badiliko kwenye jeni ya KRAS, na badiliko hilo huifanya protini itoe amri muda wote, hata kama huko juu hakuna aliyeituma. Unaziba kipokezi, huku chini kazi inaendelea. Mgonjwa anapata upele usoni, anaharisha, familia inauza kiwanja, na uvimbe uko pale pale.

ZUHURA: Na hilo lilijulikana lini?

BARAKA: Ilithibitika vizuri 2008. Baadaye ikaonekana jeni ndugu yake, NRAS, nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana siku hizi kabla ya cetuximab au dawa mwenzake, panitumumab, KRAS na NRAS zinapimwa kwanza. Na hata zikiwa salama, tunauliza uvimbe ulianzia wapi. Ulioanzia upande wa kushoto wa utumbo unaitikia dawa hizi vizuri zaidi kuliko wa kulia.

ZUHURA: Kwa hiyo mama akikataliwa dawa hiyo baada ya kupimwa, ameokolewa na mateso ya bure.

BARAKA: Baada ya kupimwa, ndiyo. Akikataliwa bila kupimwa, hapo mwanaye ana haki ya kuuliza.

ZUHURA: Turudi nyuma kidogo. Ugonjwa wenyewe unaanzaje? Maana wodini kwangu wengi wanafika wakiwa wameshatibiwa bawasiri miezi na miezi. Damu kwenye choo, dawa ya kupaka, dawa ya mizizi, mpaka mtu amekonda.

BARAKA: Ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha kila baada ya siku chache, na kila seli ikigawanyika inanakili vinasaba vyake. Makosa hayaepukiki. Kwa walio wengi, kama wanane katika kumi, kosa la mwanzo linakuwa kwenye jeni inayoitwa APC. Kinaota kinyama kidogo, kwa kitaalamu polipu. Kisha KRAS inaharibika, kisha jeni nyingine, TP53, na kinyama kinakuwa saratani. Fearon na Vogelstein waliuandika mpangilio huo 1990. Safari yote mara nyingi inachukua miaka kumi au zaidi, na ndiyo sababu kolonoskopi, yaani kuchungulia utumbo kwa kamera, inaokoa watu: unakiondoa kinyama kabla hakijageuka.

ZUHURA: Na anayezaliwa na APC iliyoharibika?

BARAKA: Huyo anaota polipu mamia, hata maelfu, tangu utotoni. Asipoondolewa utumbo mpana, karibu hakika atapata saratani akifika miaka 40 au hapo karibu. Watoto wa familia hizo wanaanza kuchunguzwa wakiwa na miaka 10 hadi 12. Ni familia chache. Ninayotaka tukae nayo leo ni njia ya pili, maana huku wengi zaidi wanapita bila kutambuliwa.

ZUHURA: Haya, tueleze.

BARAKA: Seli ina protini ambazo kazi yake ni kupita nyuma ya unakili na kusahihisha makosa. Zile tunazozipima ni nne: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kuna sehemu za vinasaba ambapo herufi moja inajirudia mfululizo. Hapo unakili unateleza, kama mtu anayehesabu tasbihi usingizi umemkamata: punje moja anairuka, nyingine anaihesabu mara mbili. Protini hizi zikiwepo, kosa linarekebishwa. Moja ikikosekana, makosa yanajazana kwa maelfu. Uvimbe wa aina hiyo ni kama 15 katika kila 100 za saratani ya utumbo mpana.

ZUHURA: Na unaujuaje? Nieleze unachokiona wewe pale mezani.

BARAKA: Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kimeshagandishwa kwenye nta. Nakata ukanda mwembamba sana, mikroni nne hivi, naulaza kwenye kioo, naweka kingamwili inayoitafuta protini moja, kisha rangi. Seli yenye protini hiyo, kiini chake kinakuwa kahawia. Isiyokuwa nayo inabaki bluu. Lakini kabla sijaangalia saratani, naangalia chembe nyeupe za damu zilizosimama katikati ya uvimbe. Hizo ni seli za kawaida za mgonjwa, lazima ziwe kahawia. Zikiwa bluu nazo, kipimo ndicho kilichofeli, narudia. Zikiwa kahawia, halafu tezi za saratani zilizo pembeni yake ni bluu tupu, hapo najua nimeshika kitu kikubwa.

ZUHURA: Hicho kipimo kinahitaji mashine ya mamilioni?

BARAKA: Hapana, na hapa ndipo roho inaniuma. Ni mbinu ile ile tunayotumia kupima saratani ya matiti kila siku. Maabara inayoweza kupima vipokezi vya homoni vya titi inaweza kupima na hizi protini nne, ikiwa na vitendanishi vyake. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kukiandika kwenye fomu.

ZUHURA: Lakini daktari, niseme kama muuguzi. Naweza kuambiwa, "Haya, tumepima, sasa iweje? Dawa yenyewe hatuna."

BARAKA: Nalisikia sana hilo, na silikubali. Tuanze na dawa. Uvimbe wenye makosa mengi unatengeneza protini za ajabu, kinga ya mwili inazitambua na kuuzingira, ila uvimbe unaizuia kupitia kipokezi cha PD-1. Pembrolizumab inakiziba kipokezi hicho. Katika utafiti uliotolewa 2020 kwa wagonjwa ambao saratani ya aina hii ilikuwa imesambaa, waliopewa pembrolizumab walikaa kwa wastani wa miezi 16.5 kabla ugonjwa haujasonga mbele, wa kemo miezi 8.2. Halafu 2022, New York, wagonjwa 12 wa kwanza wenye saratani ya aina hii kwenye rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, waliopewa dostarlimab, dawa ya kundi hilo hilo, kwa miezi sita: uvimbe ulipotea kwa wote 12. Bila upasuaji, bila mionzi.

ZUHURA: Bila kolostomi. Aliyewahi kumfundisha binti wa miaka 30 kubadilisha mfuko tumboni anajua hilo lina maana gani.

BARAKA: Kabisa. Sasa tuseme dawa hizo zimetushinda bei. Kipimo bado kina kazi. Mgonjwa wa hatua ya pili, ambaye saratani haijafika kwenye tezi za limfu, akiwa na uvimbe wa aina hii matarajio yake ni mazuri, na kumpa dawa ya kemo ya fluorouracil peke yake baada ya upasuaji hakumsaidii. Unamwondolea miezi sita ya kemo. Hiyo ni nauli, ni kazi, ni mwili wake.

ZUHURA: Na familia.

BARAKA: Familia ndiyo kubwa kuliko yote. Baadhi ya hawa hawakuharibikiwa ukubwani, wamezaliwa na jeni yenye hitilafu. Inaitwa sindromu ya Lynch. Ni kama watu watatu katika kila 100 wenye saratani ya utumbo mpana. Historia yake inaanzia 1895 kwa mshonaji mmoja wa Michigan, Marekani, aliyemwambia daktari Aldred Warthin kwamba atakufa mapema, maana ukoo wake wote wanakufa kwa saratani ya tumbo, ya utumbo au ya kizazi. Wakati huo alikuwa mzima. Kweli akafa angali kijana, kwa saratani ya mji wa mimba. Warthin aliuandika ukoo ule 1913, Henry Lynch akaufuatilia tena miaka ya 1960, na jeni yao, MSH2, ikapatikana 2000. Zaidi ya miaka mia moja baada ya yule mama kusema.

ZUHURA: Sisi tunazisikia hizo hadithi kila wiki. "Kwetu tunakufa na tumbo." Watu wanaenda kwa mganga kutafuta aliyewaroga, na shangazi anatengwa.

BARAKA: Na pengine ni badiliko moja la jeni, linalopita kwa mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, wa kiume au wa kike. Muulize mgonjwa kuhusu mji wa mimba pia, kwa mama, kwa dada, kwa shangazi. Akithibitika, ndugu wenye jeni hiyo, hasa MLH1 na MSH2, wanaanza kolonoskopi kuanzia miaka 20 hadi 25, kila mwaka au kila miaka miwili. Na kuna aspirini. Utafiti wa CAPP2 uliwapa wenye Lynch miligramu 600 kwa siku, kwa miaka miwili hivi, na baada ya miaka kumi saratani ya utumbo mpana ilikuwa imepungua waziwazi. Ni dawa ya bei ndogo, ila isianzwe bila daktari, inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kutoka damu.

ZUHURA: MLH1 ikikosekana, moja kwa moja ni ya kurithi?

BARAKA: Hapana. Hapo unapima jeni nyingine, BRAF, kwenye uvimbe. Badiliko lake liitwalo V600E likiwepo, karibu hakika si Lynch, jeni ilizimika ukubwani, mara nyingi kwa wazee. Huna haja ya kuwatisha watoto.

ZUHURA: Kabla hatujafunga, wenzangu wa theatre wananisikiliza. Waambie kuhusu kopo.

BARAKA: Nawaomba. Kinyama kiingie kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, mara tu kinapotoka, formalini iwe mara kumi ya ukubwa wake, kisizidi siku tatu humo. Kikilala mezani usiku kucha, au kikikaa kwenye kopo wiki mbili kikisubiri gari la rufaa, protini na vinasaba vinaharibika. Hata Ulaya hawatakisoma.

ZUHURA: Nami nina langu. Dawa za kemo, fluorouracil na capecitabine.

BARAKA: Enhe, DPYD. Ni jeni ya kimeng'enya kinachovunja dawa hizo mwilini. Aliye na upungufu, dozi ya kawaida inaweza kumuua. Tangu 2020 Ulaya wanashauri kupima kwanza. Lakini mabadiliko manne wanayopima sana yalitokana na utafiti wa Wazungu. Lipo lingine, c.557A>G, linaloonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na halimo kwenye hayo manne. Kwa hiyo majibu yakirudi "safi", uliza walipima nini.

ZUHURA: Na ambaye hakupimwa kabisa: vidonda mdomoni, kuharisha kusikokoma, homa, ndani ya siku za mzunguko wa kwanza, usisubiri tarehe ya kliniki. Njoo usiku huo huo, na umwambie muuguzi umepewa dawa gani. Asante sana daktari.

BARAKA: Asante dada Zuhura.