Mpira wa Shambani na Mpira wa Uwanjani

Mabibi na mabwana, wapenzi wa lugha na wa kandanda, hamjambo.

Shamba na uwanja huazimana maneno. Ng'ombe hukokota plau, winga naye hukokota mpira. Huko ni kufananisha tu, tupite. Nimekuja na neno ambalo halikuhitaji kufananishwa: mpira.

Mkulima akisema mipira yake bado haijafikia kugemwa, anataja miti, ambayo huchukua miaka mitano hadi saba kabla ya kuguswa na kisu. Mgemaji hudamka, kwa kuwa utomvu hutiririka vizuri alfajiri, akachanja gome kwa mshazari bila kuujeruhi mti kwa ndani. Utomvu mbichi ulikuwa na kasoro: joto liliunatisha, baridi iliukakamaza. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, akagundua kuupika na salfa, kasoro hiyo ikaondoka. Baadaye kibofu cha nguruwe, kilichokuwa kikijazwa pumzi ndani ya ngozi ya kuchezea kandanda, kikapata mrithi: kibofu cha utomvu huo.

Basi mti ukakipa kitu jina, kitu nacho kikaupa mchezo. Ukiambiwa "mpira umekwisha", ujue refa amepuliza kipenga, hakuna kilichopotea.

Hapa ndipo sarufi inaponichekesha. Mchungwa huzaa chungwa, mwembe huzaa embe: mti una umbo lake, tunda lake. Mpira haukufuata kawaida hiyo. Kinachopigwa teke kimebaki katika ngeli ya miti, na upatanisho wa miti: mpira umetoka, mipira imetoka. Kisarufi, kipa anadaka mti! Siku hizi vijana wanasema timu fulani "inapiga pira", na baadhi ya walimu wenzangu wanakunja uso. Najua, ni hali ya ukubwa tu. Lakini masikioni mwangu wamechuma tunda lililokuwa limesahaulika juu ya mti.

Neno limeuacha hata utomvu nyuma. Watoto wakifunga matambara kwa kamba, huo ni mpira, ingawa hauna tone la utomvu. Hata ule wa ligi kubwa, ganda lake la nje aghalabu ni plastiki. Neno tufe lipo, la mviringo kabisa, ila michezoni limebaki kwa warusha vyuma.

Sijaugusa mpira wa kumwagilia maji, ambao mtunza bustani na mtunza nyasi za uwanja wote wanao mkononi. Nao siku hizi mara nyingi ni plastiki. Karibuni kwa maswali.