Utando wa Kahawia kwenye Matawi ya Mchungwa: Uutoe Bila Kuumiza Gome

Karibuni kihambani, shamba letu la nyumbani hapa Kibosho. Mnauona huu utando wa kahawia ulioliviringisha tawi la mchungwa mithili ya blanketi? Wengi wakiuona hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Subirini kwanza. Ukungu huu, kitaalamu Septobasidium, hauli mti. Chini yake wamejificha vidugamba, wadudu wanaofyonza maji ya tawi. Baadhi yao ukungu unawanyonya, waliobaki unawafunika na wanazaana kwa raha zao. Anayelidhoofisha tawi ni kidugamba, kwa hiyo huyo ndiye tunayemfuata.

Hakikisha kwanza ndio wenyewe. Chomeka ukucha pembeni, vuta. Unabanduka, na gome la chini ni zima. Ukipangusa kidole kikatoka na masizi meusi, huo ni ukungu mwingine. Ukikuta ganda la rangi ya waridi, gome limepasuka na linatoa gundi, majani ya mbele yamekauka, hapo usikwangue kabisa: huo ugonjwa unaingia ndani ya gome. Kata sentimita 30 chini ya ulipoishia, choma tawi, kidonda kipake dawa ya kopa, yaani dawa ya ukungu yenye shaba.

Haya, vijitawi vyembamba vilivyofunikwa kata vyote. Punguza na majani ya mgomba yanayoukalia mti, maana utando huu unapenda kivuli na unyevu. Tandika turubai chini.

Sasa tulieni hapa. Lowesha tawi nene, chukua kipande cha gunia la katani, sugua taratibu kufuata urefu wa tawi. Usitumie brashi ya waya! Wala kisu. Gome la mchungwa ni jembamba, na kila mchubuko ni mlango wa magonjwa ya kutoa gundi. Ukiona kijani, umezidisha, acha hapo hapo.

Sogeza kamera… hapana, upande wa chini wa tawi… kivuli kinaziba, zunguka huku. Hapo! Hivi vidoa vya milimita moja au mbili ndio vidugamba wenyewe. Mbonyeze kwa ukucha: akitoa majimaji yu hai, akiwa mkavu ameshakufa. Huyu yu hai. Na huku chini ndiko watu wanakosahau kusugua. Utando ukibaki, mafuta tutakayopulizia hayamfikii mdudu, na umepoteza dawa yako bure. Nasema tena: sugua chini ya tawi, na brashi ya waya iache nyumbani.

Dawa ni ya jikoni. Kwa bomba la lita 15, chukua mililita 150 za mafuta ya alizeti na vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji isiyo kali. Sabuni ya unga inaunguza majani. Mafuta na sabuni vianze kwenye chupa, tikisa hadi viwe vyeupe, ndipo umimine kwenye maji. Ukimwaga mafuta peke yake yataelea, na bomba likikaribia kuisha utapulizia mafuta matupu. Kwa hiyo litikise kila mara.

Mafuta yanamziba mdudu pumzi, basi yamguse: lowesha tawi hadi lichuruzike. Jaribu tawi moja kwanza, ngoja siku mbili. Pulizia asubuhi umande ukishakauka, siku isiyo na mvua. Jua la saa sita hapana, na mti wenye kiu unyweshe kwanza. Kama ulipiga salfa, acha mwezi upite. Mimi napenda kuifanya kazi hii masika ikishakatika.

Baada ya siku 14 rudia, kwa sababu mayai yaliyojificha chini ya magamba yatakuwa yameanguliwa. Mabaki yote ya kwenye turubai choma leo leo, vitoto vya vidugamba vinatembea. Mkasi ufute kwa spiriti kabla hujagusa mti mwingine.

Gunia na mikasi ya kupogolea vipo hapa kitaluni. Ukija, njoo na picha ya tawi lako, upande wa chini.