Njia Ipo, Metodi Haipo: Ruta na Maombi ya HTTP

Asanteni, na karibuni. Leo nazungumzia ruta, na simaanishi kile kisanduku cha intaneti chenye taa zinazowaka na kuzima. Namaanisha ile sehemu ya programu ya wavuti inayopokea ombi na kuamua ni fanksheni gani ilishughulikie.

Tazameni mstari wa kwanza wa ombi lenyewe la HTTP, yaani utaratibu ambao vivinjari na seva huzungumzia:

`DELETE /makala/42 HTTP/1.1`

Metodi, neno linalosema ombi linataka nini (GET husoma, POST hutuma data, PUT huweka au hubadilisha, DELETE hufuta), imetangulia; njia, yaani anwani ya kitu kinachoombwa, ikafuata. Ajabu ni kwamba njia tunaipangilia kwa makini, metodi tunaipitia juujuu. Wengine husajili njia moja kwa metodi zote, kisha ndani ya fanksheni wanarundika: ikiwa GET fanya hivi, ikiwa POST fanya vile. Sikatai, programu itakwenda. Lakini ruta imebaki gizani, na jambo isilolijua haiwezi kulijibia.

Tuseme `/makala/42` imesajiliwa kwa GET na DELETE tu. Mtu akatuma PUT. Ajibiwe nini? Express, zana ya JavaScript ya kuundia programu za wavuti, usipoiambia vingine, hujibu 404: hakuna kitu hapa. Si kweli, kipo! Jibu la haki ni 405: njia naijua, ila metodi hiyo haikubaliki hapa. Tena RFC 9110, waraka wa mwaka 2022 unaoeleza maana za HTTP, unalazimisha jibu la 405 libebe kichwa (mstari wa maelezo unaotangulia mwili wa jibu) cha Allow, kinachotaja metodi zinazokubalika:

`Allow: DELETE, GET, HEAD`

Ili iandike mstari huo, ruta inapaswa kujua metodi zote zilizosajiliwa kwenye njia hiyo. Ikiunganisha metodi na njia kuwa ufunguo mmoja, halafu ufunguo usipatikane, haitajua kama mgeni kapotea mtaa au kakosea mlango tu. Ruta iliyomo ndani ya lugha ya Go hufanya kazi hii yenyewe tangu toleo la 1.22, la Februari 2024.

Na HEAD imetoka wapi, wakati hatukuisajili? HEAD ni GET isiyorudisha mwili wa jibu, vichwa tu. Ruta iliyoandikwa vizuri huipeleka kwa fanksheni ileile ya GET. Tuendelee.

Sasa, kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu metodi haisomwi na seva yako peke yake. Inasomwa na vivinjari, kashe (hifadhi za muda za majibu), na programu zinazotambaa wavuti, na zote zinaamini kwamba GET haibadilishi kitu. Mwaka 2005 Google ilitoa Web Accelerator, programu iliyofungua viungo vya ukurasa kabla mtumiaji hajavibofya, ili kuokoa muda. Kwenye baadhi ya programu za wavuti, kitufe cha "futa" kilikuwa kiungo cha kawaida, yaani GET. Watu wakakuta vitu vyao vimefutwa bila wao kugusa chochote. Lawama nyingi zilielekezwa kwa Google. Mimi nawalaumu zaidi waliosajili ufutaji kwenye GET.

Kuna mtego mwingine, huu wa kimyakimya. Ruta nyingi hurekebisha mkwaju (/) wa mwisho wa njia: ukiomba `/maoni`, zinakuelekeza `/maoni/` kwa 301, jibu linalosema anwani imehama. Kwa GET hakuna tatizo. Kwa POST, vivinjari vikipata 301 hugeuza ombi kuwa GET na kuuacha mwili njiani. Fomu imejazwa, imetumwa, na data haikufika. Logi, yaani kumbukumbu za seva, inaonyesha 200, alama ya mafanikio, safi kabisa! Tumieni 308, ambayo huelekeza vilevile ila hairuhusu metodi kubadilishwa.

Nimalizie na fomu. Fomu ya HTML hutuma GET au POST tu, basi. Ndiyo maana Laravel na Rails, zana za kuundia programu za wavuti kwa lugha za PHP na Ruby, hutumia sehemu iliyofichwa, `_method`, yenye neno kama DELETE, na programu huigeuza POST kuwa DELETE. Mkiandika kitu kama hicho wenyewe, kwanza ugeuzaji ufanyike kabla ruta haijatafuta njia, la sivyo hauna maana. Pili, kubalini kugeuza POST peke yake. Mkiruhusu na GET, kiungo chenye `?_method=DELETE` kitafuta makala, na tutakuwa tumerudi 2005.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.