Aliyetoa Bomu Naye Ahojiwe

Mwenyekiti, wazee wetu, wanafunzi wa sheria, asanteni kwa kufika. Historia ya vita baridi mnaijua, naiacha. Nimekuja na hoja ambayo nimeisema mara nyingi na nitaendelea kuisema: dola kubwa ikimpa mshirika wake ndege, mabomu na mafuta, naye akaua raia, haitoshi kumhoji rubani peke yake.

Arusha inajua mahakama za vita. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ICTR, iliyokaa hapa hapa, iliundwa kwa Azimio 955 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la Novemba 1994, ikafungwa Desemba 2015, na ilishtaki watu 93. Watu, si nchi. Ufaransa, iliyolifunza jeshi la Rwanda kabla ya mauaji ya kimbari, ilichunguzwa na tume iliyoundwa na Rais wake mwenyewe. Machi 2021 tume hiyo ilisema Ufaransa inabeba dhamana nzito, ila haikuona ushirika katika mauaji hayo.

Nataka tukae kwenye hukumu moja, maana kila wakili wa dola kubwa hujificha nyuma yake. Ni ile ya Nicaragua dhidi ya Marekani, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Juni 27, 1986. Marekani iliwafadhili na kuwapa silaha waasi wa Contra, waliopigana na serikali ya Nicaragua. Shirika lake la ujasusi, CIA, lilitoa hadi kitabu cha mwongozo kinachoelekeza namna ya kuchagua mahakimu na maofisa wa polisi wa "kuondolewa". Majaji waliyaona hayo yote. Someni aya ya 115 kwa utulivu: wanasema hata kama mchango wa Marekani katika kuwafadhili Contra, kuwapanga, kuwafunza, kuwachagulia shabaha na kupanga operesheni zao ulikuwa mkubwa kupita wa wengine, bado hautoshi kuifanya ibebe uhalifu wa Contra wenyewe. Lazima ithibitike kwamba iliongoza operesheni zile zile ambamo uhalifu ulitendeka.

Angalieni kilichobaki hapo. Umempa fedha, umemwonyesha pa kupiga, umemchorea mpango, na damu bado si yako! Marekani ilipatikana na hatia kwa matendo yake tu: kutega mabomu bandarini, kuwapa silaha waasi, kusambaza kile kitabu. Iliamriwa kulipa fidia. Oktoba mwaka ule ule ikapiga kura ya turufu Baraza la Usalama, ikazuia azimio la kuitaka iitii hukumu, na mwaka 1991 serikali mpya ya Nicaragua ikaifuta kesi.

Kipimo hicho hakifai kwa vita vya leo, kwa sababu muuza silaha hahitaji kutoa amri. Ndege ya kivita hula vipuri na mafundi kila wiki. Muuzaji akivifunga, haitaruka muda mrefu. Chukueni Yemen. Agosti 9, 2018, huko Dahyan, Saada, bomu la muungano ulioongozwa na Saudi Arabia liliangukia basi la wanafunzi; Msalaba Mwekundu ulihesabu maiti 51, watoto 40. Wataalamu waliochunguza vipande walilitambua kuwa MK-82, kilo 227, la Kimarekani. Ndege za muungano huo zilikuwa zikijaziwa mafuta angani na Marekani, na zoezi hilo lilikoma Novemba mwaka huo. Kumbe linaweza kukoma.

Ndiyo maana naishikilia Ibara ya 16 ya kanuni za mwaka 2001 za Tume ya Sheria ya Kimataifa, chombo cha Umoja wa Mataifa, kuhusu wajibu wa nchi kwa makosa yake. Haiulizi nani aliamuru. Inauliza kama ulisaidia, kama ulijua, na kama tendo lenyewe lingekuwa haramu ungelitenda wewe. Mtu akimpa jirani panga akijua anakwenda kuua, hakimu wa hapa hatauliza nani alishika mpini. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinamhesabu mtoa panga naye kuwa mkosaji. Ugumu uko kwenye kujua. Dola huleta barua za ahadi na cheti cha mtumiaji wa mwisho, yaani hati ya mnunuzi kueleza silaha zitatumiwa na nani, zinasema tuliaminishwa. Sawa, kwa shambulio la kwanza. Lakini Januari 2016 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaorodhesha mashambulizi 119 ya muungano yenye dalili za kuvunja sheria za vita. Kila leseni iliyosainiwa baada ya hapo ilisainiwa kwa kujua.

Mtaniambia: na sisi Tanzania tuliosaidia FRELIMO kuikomboa Msumbiji? Ibara ya 16 haikatazi kusaidia anayepigania uhuru wake. Inakataza kusaidia uhalifu unaoujua, na hilo linambana hata rafiki wa ukombozi. Na Urusi? Vivyo hivyo. Julai 9, 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliiona Urusi inawajibika kwa kutunguliwa kwa ndege ya abiria MH17 huko Ukraine mwaka 2014, walikokufa watu 298.

Muda unaniishia, kwa hiyo Mkataba wa Biashara ya Silaha nautaja tu: ibara ya 6 na ya 7 zinabana uuzaji wa silaha za kutendea uhalifu wa kivita, Marekani ilisaini haikuridhia, Urusi haikusaini. Uganda na Kongo, hukumu ya 2005 ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, tutaijadili kwenye maswali. Wanafunzi, mkimaliza aya ya 115 nendeni hukumu ya mahakama hiyo hiyo ya Bosnia dhidi ya Serbia ya 2007, aya ya 430. Pale majaji wanasema wajibu wa kuzuia mauaji ya kimbari hupimwa kwa uwezo wa nchi kumshawishi mtendaji. Serbia ilishindwa kwa hoja hiyo kuhusu mauaji ya kimbari ya Srebrenica, ingawa haikuamriwa kulipa hata senti. Mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kushawishi ni yule anayejaza mafuta. Andikeni hoja zenu kutokea hapo. Karibuni maswali.