Mchezaji wa akiba kutoka Tirana

BENI: Dada Zuhura, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku ulikuwa neno moja tu, "opera". Nikajisemea, kesho nasinzia hewani.

BENI: Huwezi kusinzia kwa huyu. Ermonela Jaho, kazaliwa Tirana, Albania, mwaka 1974. Ni soprano, ile sauti ya juu kabisa ya kike.

ZUHURA: Ngoja. Yule kiumbe wa bluu anayeimba kwenye filamu ya The Fifth Element, si nasikia naye wa Albania?

BENI: Sauti ni ya Inva Mula, wa Tirana vilevile. Uso ni wa mwigizaji mwingine. Kwa hiyo wasikilizaji wetu wengi walishamsikia soprano wa Kialbania tangu 1997, ila hawakuambiwa.

ZUHURA: Basi turudi kwa Jaho. Maana Albania ya Enver Hoxha, yule mtawala wa kikomunisti, ninayoisoma ilikuwa imepigwa kufuli. Dini marufuku tangu 1967, kutoka nje ya nchi usiwaze. Opera ilipitia mlango gani?

BENI: Mlango wa serikali yenyewe. Tirana kulikuwa na ukumbi wa opera, unaolipiwa na dola. Binti ana miaka 14, anaingia kuona La traviata ya Verdi, opera yake ya kwanza maishani. Akatoka humo akimwapia kaka yake kwamba hafi kabla hajaimba Violetta, mhusika mkuu wa opera hiyo.

ZUHURA: Miaka 14! Mimi umri huo naapa kuhusu chapati.

BENI: Kiapo akakitimiza. Kamwimba Violetta zaidi ya mara 300 mpaka sasa.

ZUHURA: Katokaje Albania lakini?

BENI: Utawala ule ulianguka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Unakumbuka picha ya meli Vlora, Agosti 1991, imefurika Waalbania wanaokimbia, mpaka kwenye milingoti, inaingia Bari? Italia iko ng'ambo tu, pale penye wembamba ni kama kilomita 70, yaani Dar na Unguja. Jaho yeye alivuka kwa koo lake. Katia Ricciarelli, soprano maarufu wa Italia, alikuwa akitafuta vipaji Tirana, akamchagua aende kusoma Mantova. Ana miaka 19. Baadaye akaingia chuo cha muziki cha Santa Cecilia, Roma.

ZUHURA: Na kula?

BENI: Kulea watoto wa watu, kuangalia wazee. Mchana yaya, jioni mazoezi ya sauti.

ZUHURA: Hapo sasa nimemwelewa. Endelea.

BENI: Akashinda mashindano kadhaa ya Italia, akazunguka kumbi ndogo miaka mingi. Halafu Januari 2008, Royal Opera House, London. La traviata, tiketi zimegombaniwa kwa sababu ya Anna Netrebko, soprano nyota wa Urusi. Netrebko akaugua. Jaho akaitwa dakika za mwisho.

ZUHURA: Mchezaji wa akiba.

BENI: Na waliobaki uwanjani ni waimbaji nyota, Jonas Kaufmann na Dmitri Hvorostovsky! Watu wamelipia jina jingine, wamenuna, pazia linafunguka wanamwona mtu wasiyemjua. Alipomaliza walikuwa wamesimama wanapiga makofi.

ZUHURA: Wengine wangesema bahati. Mimi sikubali. Aliyekaa benchi bila mazoezi akiingia anaumia msuli.

BENI: Na benchi lilimrudia tena. Septemba 2011, ukumbi uleule, Suor Angelica ya Puccini. Aliyepangwa alikuwa Anja Harteros, akajitoa. Jaho akaingia.

ZUHURA: Hiyo siijui. Nipe kisa.

BENI: Binti wa ukoo mkubwa kazaa nje ya ndoa, wakamfungia utawani. Miaka saba hajui habari za mwanawe. Siku moja shangazi yake anakuja na karatasi za urithi, anataka saini tu. Angelica anang'ang'ania kumuulizia mtoto. Shangazi anamjibu: alikufa miaka miwili iliyopita.

ZUHURA: Ya Rabi.

BENI: Baada ya hapo anabaki peke yake na wimbo, anamwimbia mtoto aliyekufa bila mama. Wimbo unaishia noti ya juu ambayo Jaho anaishusha mpaka inakuwa uzi. Unaisikia, halafu hujui imekatika saa ngapi.

ZUHURA: Bila kipaza sauti?

BENI: Hakuna kipaza sauti. Ukumbi wa watu zaidi ya 2,000, okestra nzima mbele yake.

ZUHURA: Basi nieleze, maana mimi nikinong'ona sebuleni mume wangu hasikii.

BENI: Soprano akipanda juu hufungua taya na kulipanga koo livume pamoja na noti yenyewe. Mdomo unageuka kengele. Ndiyo maana huko juu maneno hayashikiki vizuri. Sasa kuimba kwa nguvu ni afadhali. Kuimba kwa sauti ndogo ndiko kugumu zaidi, kwa sababu mbavu na tumbo lazima vishikilie hewa isitoke ovyo.

ZUHURA: Nimemtazama mtandaoni kabla ya kuja, nikuambie ukweli. Analia mno. Mwili wote unatetemeka. Kuna mahali niliona amezidisha.

BENI: Mimi siioni kasoro hiyo. Violetta anakufa kwa kifua kikuu, unataka asimame wima kama askari? Na kuna pale sehemu ya mwisho ya opera, anasoma barua kwa kuongea, haimbi. Jaho anaisoma kama mtu aliyeishiwa hewa.

ZUHURA: Hapo pa barua nakupa. Pale nilisimamisha video nikaenda kunywa maji. Kwenye taarabu ningekuwa nimeshainuka kumtunza.

BENI: Opera hawatunzi, dada. Ukipanda jukwaani na noti ya elfu kumi mkononi walinzi wanakutoa.

ZUHURA: Basi wanakosa. Nitumie huo wimbo wa mtawa, ila usinitumie saa hizi. Niwapakulie watoto kwanza.