Kikombe cha Babu na Hoja Zilizotupeleka Loliondo

ZUHURA: Msikilizaji, karibu. Leo tunapima hoja, kaka Eli, na nimechagua zile ambazo nchi nzima ilizisikia: hoja za mwaka 2011, wakati wa Babu wa Loliondo.

ELIBARIKI: Asante, dada Zuhura. Kwa waliokuwa wadogo wakati ule: Babu mwenyewe ni mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapila, aliyekuwa kijijini Samunge, eneo la Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Alichemsha mizizi ya mti wa mugariga, akatoa kikombe kimoja kwa shilingi 500, akisema Mungu amemwonyesha dawa ya UKIMWI, kisukari, saratani na magonjwa mengine. Watu walitoka mikoa yote, na Kenya pia. Foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi porini, na wapo waliofia humo humo kabla hawajafika.

ZUHURA: Na mitaani hoja gani zilikuwa na nguvu?

ELIBARIKI: Ya kwanza, "Fulani kanywa, kapona." Ya pili, "Hata mawaziri wamekunywa." Ya tatu, "Angekuwa tapeli, angetoza mia tano?"

ZUHURA: Nianze na hiyo ya tatu, maana iliwakamata hata watu makini. Mia tano inatuambia kitu kuhusu nia ya mzee. Mimi naamini alisema alichokiamini. Lakini kuna maswali mawili hapo: je, anatudanganya? Na je, dawa inaponya? Ukijibu la kwanza, la pili bado linakusubiri. Mtu anaweza kuwa na moyo safi kabisa na dawa yake isiponye.

ELIBARIKI: Na waliompinga nao wapimwe. Wengi walisema, "Mzee wa kijijini atajua nini kuhusu virusi?" Hoja hiyo ni dhaifu vile vile. Dawa mseto ya malaria tunayopewa hospitali ina kiungo kilichotokana na pakanga, mmea uliotumika China karne na karne. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Dawa kutoka porini si ajabu. La kuuliza ni kama imejaribiwa, na imejaribiwaje.

ZUHURA: Hapo hapo ikatokea ya nne. Wataalamu wa serikali walichunguza wakasema dawa ile haina sumu. Habari ilipofika kijiweni ikawa, "Serikali imethibitisha!" Chai ya rangi nayo haina sumu, lakini haitibu saratani.

ELIBARIKI: Sasa turudi kwenye "kapona". Mtu anakwambia, "Mama alikunywa, sukari yake ikashuka." Utasema ni mwongo?

ZUHURA: Siwezi. Labda ilishuka kweli. Ila angalia mtu anasafiri lini kwenda Samunge: anaondoka akiwa amezidiwa. Sukari hupanda na kushuka, pumu hubana na kuachia, maumivu hivyo hivyo. Ukimchukua mtu siku aliyozidiwa sana, mara nyingi baada ya siku chache atakuwa na afadhali kidogo hata asipokunywa chochote. Kwa hiyo mimi huuliza hivi: kama dawa hii haifanyi kazi hata kidogo, je, bado ningeisikia habari hii hii? Kama ningeisikia, basi habari hiyo haijathibitisha kitu, hata iwe ya kweli neno kwa neno.

ELIBARIKI: Na kwa umati ule ungeisikia tu. Kati ya maelfu kwa maelfu, hawakosekani waliopata nafuu, na hao ndio wanaozungumza redioni na kanisani.

ZUHURA: Aliyekufa harudi kutoa ushuhuda. Wapo walioacha ARV baada ya kikombe, wakafa. Hilo bado linaniuma, kaka, kwa sababu hawakuwa wajinga. Walisikia ushuhuda wa upande mmoja tu.

ELIBARIKI: Na ugonjwa wenyewe una mtego. Mtu akiacha ARV, virusi huanza kuongezeka ndani ya wiki chache, lakini yeye anaweza kujisikia mzima kwa miezi. Kwa hiyo anaposema, "Nimeacha dawa miezi mitatu na sijambo," anasema kweli, na ndani anaharibika. Hapo macho hayatoshi, inatakiwa damu ipimwe.

ZUHURA: Ndiyo maana napenda kisa cha James Lind, tabibu wa meli ya Uingereza. Mwaka 1747 alikuwa na mabaharia wagonjwa wa kiseyeye. Akachukua 12 waliofanana hali, akawaweka mahali pamoja, chakula kile kile, kisha akawagawa wawili wawili: hawa siki, hawa maji ya bahari, hawa machungwa na malimau, na kadhalika. Waliokula machungwa na malimau wakapata nafuu upesi kuliko wote.

ELIBARIKI: Watu 12 tu!

ZUHURA: Na hoja yake ina nguvu kuliko umati wote wa Samunge, kwa sababu alikuwa na wa kulinganisha nao, na alihesabu wote 12, hata wale ambao hawakupona.

ELIBARIKI: Lakini dada, tuko kwenye kikao cha familia. Baba anaumwa, shangazi anasema, "Mimi nimeona kwa macho yangu." Utamletea habari za meli?

ZUHURA: Hapana. Nitamuuliza kwa heshima: "Shangazi, mnawafahamu wangapi waliokunywa? Tuwataje wote. Wako wapi leo?" Hapo familia yenyewe inahesabu. Ukianza na "umedanganywa", umeshamvunjia heshima, na hatakusikiliza tena.

ELIBARIKI: Swali hilo lingetufaa hata mwaka 2020, kwenye nyungu. "Nimejifukiza, corona ikaisha." Wengi walioambukizwa wangepona hata bila kujifukiza. Na ile ya mawaziri hatujaigusa.

ZUHURA: Waziri akinywa, ninachojua ni kwamba naye ana mwili na ana matumaini. Cheo chake hakikupima dawa.

ELIBARIKI: Basi daktari naye? Mbona tunameza vidonge vyake bila kumuuliza?

ZUHURA: Tofauti ni kwamba nyuma ya kidonge kilichosajiliwa kuna wagonjwa waliohesabiwa, waliopona na wasiopona. Lakini muulize naye: "Daktari, hii inasaidia wangapi katika kumi? Nisipoitumia itakuwaje?" Ni haki yako, na daktari anayeijua kazi yake atakujibu.