Gaweni Mto kwa Mafungu, Si kwa Lita

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, sogeeni mbele, nafasi zipo.

Nimepewa mada sita kuhusu maji ya mto wakati wa ukame. Nitagusa nitakazoweza. Lakini ipo moja, ya kugawana mto kwa mafungu, ambayo siondoki hapa bila kuisema, hata kama wengine mmeshanisikia nayo Mbarali na nimewafuata nayo mpaka Iringa. Nairudia kwa sababu Mto Ruaha Mkuu unaendelea kukatika, yaani kuacha kutiririka. Ulikatika kiangazi cha 1993 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo kukatika kumekuwa mazoea. Mwaka 2001 serikali iliahidi mbele ya mataifa kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 umeshapita, na viboko bado wanabanana kwenye madimbwi.

Usangu, bonde letu la mpunga, na Ihefu, kinamasi chake, sitawaeleza ninyi mliozaliwa huko. Nataka tuangalie banio, kile kizuizi cha mtoni kinachoyageuza maji yaingie mfereji wa mashamba.

Banio la zamani mnalikumbuka. Fito zinakitwa mtoni, zinasukwa matawi, zinashindiliwa mawe, nyasi na udongo. Masika mafuriko yanalibomoa, watu wanakusanyana kulijenga upya. Na linavuja! Ukisimama chini yake mwezi wa tisa unayasikia maji yakipenya katikati ya fito, na miguu inalowa. Tulipokuja sisi wa vipimo, na mimi nilikuwa miongoni mwao, maji yale tuliyaandika kwenye daftari kwa neno moja: upotevu. Ndipo likajengwa banio la zege, lenye lango la chuma, usukani wa kulipandisha na kufuli. Halivuji hata tone. Siku ya uzinduzi tulipiga makofi.

Sasa nifuateni kwa hesabu ya mfano tu. Masika mto unaleta lita 4,000 kwa sekunde. Skimu ya umwagiliaji ina kibali cha serikali cha kuchukua lita 500 kwa sekunde, inachukua zake, lita 3,500 zinashuka, hakuna anayelalamika. Kiangazi kinaingia, mto unashuka mpaka lita 500. Kibali kinasemaje? Bado kinasema 500. Ada imelipwa na lango liko wazi. Skimu inaumeza mto mzima, na mwenye skimu hajazidisha hata lita moja juu ya karatasi yake! Banio la fito, siku hiyohiyo, lingechukua labda nusu, na nusu ingevuja kwenda kwa jirani. Kumbe kile tulichokiandika upotevu kilikuwa maji ya kunywa ya kijiji cha chini.

Kijiji hicho nilikwenda, mwezi wa kumi. Nilimkuta mama mmoja amepiga magoti kwenye mchanga wa mto. Alikuwa amefukua shimo, mkono unazama mpaka begani. Anasubiri maji yajikusanye chini, anachota kikombe, anamimina kwenye ndoo kupitia kitambaa, anasubiri tena. Nikakaa nikampokea kikombe. Tulianza kivuli cha mkuyu kikiwa upande wa huku, ndoo ilipojaa kivuli kilikuwa kimehamia upande wa pili. Akaniuliza, "Mwanangu, kule juu wameziba nini?" Mvua hakuiuliza, habari za mvua alizijua kuliko mimi. Sikuwa na jibu siku ile. Jibu ni kwamba tuliziba uvujaji, Mama, tukauita maendeleo.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, basi mtaalamu anataka turudi kwenye fito. Hapana. Fito zinamaliza miti, na kila mwaka watu wanapoteza siku za kulima kwa kuzijenga. Zege libaki, ila ligawe. Jengeni kizingiti kilicho sawasawa kwa pimamaji, kikatize mto. Katikati ya kizingiti simamisheni ukuta mwembamba unaoyatenga maji. Mkikubaliana kwamba skimu fungu lake ni theluthi, theluthi ya upana iende mfereji wa skimu na theluthi mbili zishuke. Mto ukijaa, theluthi ni nyingi. Mto ukikonda, theluthi inakonda pamoja nao. Hapo hahitajiki mlinzi wa usiku wala kufuli, na hakuna wa kumpigia simu saa nane za usiku eti lango limefunguliwa. Mtoto wa darasa la nne akisimama pale anaona kwa macho nani amepata kiasi gani.

Wala msiseme haya ni mambo ya wageni. Wamarakwet kule Kenya wana mifereji iliyokatwa kwenye miamba zamani sana, na koo zinagawana maji kwa zamu za muda. Omani nako, kwenye mifereji yao ya kale, zamu zilipimwa mchana kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Zamu ni fungu, ndugu zangu! Maji yakipungua, muda wako unabaki uleule, na upungufu unamfika kila mtu, wa juu na wa chini. Hata kwenye majaruba yenu ya mpunga mnapeana zamu. Kwa nini tukifika kwenye mto tunaiacha akili hiyo?

Walioiacha kwa kishindo ni Wamarekani. Mwaka 1922 majimbo 7 yaligawana Mto Colorado kwa kiasi: upande wa juu karibu mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka, upande wa chini vivyo hivyo. Walikuwa wamepima katika miaka ya mvua nyingi. Tangu 2000 mto huo, kwa wastani, umeleta pungufu ya ule mgao, na Agosti 2021 serikali yao ikatangaza uhaba rasmi kwa mara ya kwanza. Wana mabwawa makubwa na kompyuta za kila aina, na bado wanagombania lita zilizoandikwa wakati mto haujakonda.

Atasimama mtu aseme tatizo ni wafugaji. Ng'ombe wanakunywa na wanakanyaga kingo, sibishi. Lakini mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu na mifugo yao, na mto uliendelea kukatika. Ng'ombe hana lango la chuma. Mwingine ataniambia sheria ipo. Ndiyo, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza maji ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo wengine. Nzuri sana. Lakini kibali kikishaandikwa kwa lita, lango halimjui yule mama wa shimo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Pampu: zinachukua maji chini ya kizingiti pasipo mtu kuona, kwa hiyo kila pampu ihesabiwe ndani ya fungu la skimu yake. Miti: pandeni kwenye vyanzo, msipande mikaratusi. Mpunga: kulowesha vitalu mapema, wakati mto umekonda, ndiko kunakoumiza zaidi. Hilo peke yake lingekuwa mhadhara, tulipangie siku yake. Visima na ada sitavigusa leo.

Ombi langu ni banio moja tu. Jumuiya za watumia maji, za juu na za chini, zikae meza moja na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, inayosimamia maji ya mto wetu, zichague banio moja, wakubaliane mafungu kabla ya kuchanganya zege, na kizingiti kiwe kimekauka kabla ya mwezi wa saba. Mchoro ninao, nimemwachia katibu. Mwezi wa kumi nitashuka tena kule chini kuangalia mchanga wa mto kama umelowa.